Mwanahawa na Mke Mwenzake

Mwanahawa alikuwa hajamwona Jaha hata siku moja, lakini alimjua sura, mwendo na kicheko. Alijua kwamba ni mrefu, ana shingo ndefu na viganja laini visivyojua mchi. Alijua anavyojitanda kanga akimsubiri mume, na anavyovuta midomo akitaka kununuliwa kitu. Hakuna mtu aliyempa habari hizo. Alizitunga mwenyewe, moja moja, kwa miaka miwili, ndani ya nyumba yao ya Majengo pale Mbeya, huku mumewe Alawi akienda na kurudi Iringa kwa mke wa pili.

Alawi alifanya biashara ya mchele. Aliununua Usangu, kule Rujewa, akauza nusu Mbeya na nusu Iringa. Wazee wake walitoka pwani, na ijapokuwa yeye alizaliwa bara, desturi ya kumtawisha mke aliishika kuliko hata ndugu zake waliobaki huko. Kule Chunya alimwoa Mwanahawa, binti wa muuza duka aliyefuata dhahabu, akamleta Mbeya mwaka 1947. Tangu siku hiyo mlango wa mbele ulikuwa wa mume. Sokoni alikwenda mume, na maji yaliletwa hadi uani. Baba yake Mwanahawa akafa, ndugu wakatawanyika, na mtoto Mungu hakuwajalia. Mtu pekee aliyekanyaga uani mwake kila siku alikuwa Tupokigwe, mama wa Kinyakyusa aliyeuza maziwa. Naye alimimina, akauliza hali, akaondoka kabla hajajibiwa, maana wateja walikuwa wakimngoja.

Katika ukimya huo wivu ulipata nafasi ya kutosha. Alawi akirudi kutoka Iringa, Mwanahawa alizipokea nguo zake na kuzinusa kabla ya kuzifua. Safari moja alikuta kifungo cha shati kimeshonwa kwa uzi wa buluu. Uzi wa buluu yeye hakuwa nao. Alikikata, akakishona upya kwa uzi mweupe, mshono juu ya mshono, mpaka kitambaa kikajikunja. Mume hata hakuona.

Mwaka 1954, baridi ya Juni ilipoingia na ukungu ukawa unashuka kutoka mlima Loleza mpaka ndani ya ua, Mwanahawa alianza kuzungumza na sufuria. Mwanzoni ilikuwa mzaha wake tu. Aliiuliza kama wali umeiva, akaijibia. Baadaye akawa anailalamikia habari za Jaha, na baadaye zaidi akamsikia Jaha mwenyewe akicheka nyuma ya ukuta. Chakula kikamshinda. Kutwa alikaa jikoni ameinama juu ya mkaa, na maneno aliyotaka kumwambia Tupokigwe yakawa yanamtoroka kabla hayajafika mdomoni, kama mtu anayejaribu kukumbuka lugha aliyoisema utotoni.

Ni Tupokigwe aliyemwambia Alawi. Alimvizia mlangoni, akamwambia kwa adabu kwamba mama wa nyumba hii anaongea na watu wasioonekana. Alawi hakuamini, mpaka siku alipoingia mchana akamkuta mkewe ametandika mkeka, ameweka vikombe viwili vya chai, anakigombeza kimojawapo. Aliita mwalimu wa Kurani. Mwalimu akaandika aya kwa zafarani katika sahani, akaziosha kwa maji kuwa kombe, Mwanahawa akalinywa siku saba. Majirani wakasema ni jini la Chunya. Mavuno ya Usangu yakawa yamefika, malori yakamngoja Alawi Rujewa, naye hakuwa na mtu wa kumwachia mgonjwa. Basi akaenda Iringa, akarudi na Jaha.

Jaha alishuka kwenye lori akiwa na godoro, kuku wawili na mafua. Alikuwa mfupi. Jino lake la mbele lilikuwa limemeguka, sauti yake ilikwaruza, na viganja vyake vilikuwa vigumu kuliko vya Mwanahawa. Mwanahawa alisimama kizingitini akimtazama, akajiona kama mtu aliyetapeliwa. Yule mwanamke mrefu aliyemchukia miaka miwili hakuwapo, na chuki aliyomwekea sasa haikuwa na mahali pa kukaa. Hata hivyo haikuondoka. Ilimgeukia huyu mfupi, ikamshika vivyo hivyo.

Alawi alilala siku moja, akaenda zake Rujewa.

Asubuhi iliyofuata Jaha aliingia jikoni bila kubisha, akaweka wali motoni na kuutia chumvi maji yakiwa bado baridi. Mwanahawa, ambaye hakuwa amesema neno kwa binadamu kwa siku tatu, alisikia sauti yake mwenyewe ikimwambia kwamba chumvi hutiwa maji yakichemka. Jaha akasema kwao hutiwa mapema. Mwanahawa akamwambia hapa si kwao. Jaha akamjibu kwamba hapa ni kwa mume wake, kwa hiyo ni kwake pia. Ikawa hivyo. Waligombana tangu kwenye chumvi, wakaenda kwenye kuni, wakafika kwenye nani aliolewa kwa mahari gani, na walipochoka wali ulikuwa umeungua na jua limefika utosini. Lakini Mwanahawa alikula ule ukoko, akala sahani nzima, na usiku huo alilala mpaka adhana ya alfajiri.

Siku ya tatu Jaha alikuja akaketi mbele yake wakati anachambua mchele.

"Dada, nyumba hii haina sauti hata kidogo," alisema. "Mimi nikikaa humu mwezi mzima, na mimi nitaongea na sufuria."

Mwanahawa alisimamisha mkono. "Nani amekwambia?"

"Nimekusikia jana. Sikukucheka. Lakini sufuria haijibu, dada. Mimi nitakujibu, hata ukinitukana."

Mwanahawa alimtukana. Jaha akajibu. Kisha, kwa kuwa ungo ulikuwa mkubwa, akasogea akaanza kuchambua upande wa pili.

Jaha alikuwa msemaji. Aliongea akifagia, akichuna kuku, akiwa anapiga mswaki. Alisimulia habari za Mshindo, mtaa aliozaliwa kule Iringa: habari za fundi aliyejishonea suruali mguu mmoja mrefu, habari za ng'ombe wa Mhehe mmoja aliyeingia msikitini siku ya Ijumaa, akasimama safu ya mbele, na watu wakaona haya kumtoa kwa sababu sala ilikwisha kuanza. Mwanahawa aliapa moyoni kwamba hatacheka. Katika habari ya ng'ombe alishindwa. Kicheko kilimtoka kwa maumivu, kama kiungo kilichokaa mkao mmoja muda mrefu, na baada ya kicheko yakaja machozi, na Jaha akaendelea kuchuna kuku wake kana kwamba hakuona.

Wiki tatu zilipita. Yule aliyekuwa akicheka nyuma ya ukuta hakusikika tena. Maneno yalimrudia Mwanahawa, kwanza ya ugomvi, halafu ya kuuliza, mwisho ya kusimulia. Alimsimulia Jaha mambo ya Chunya ambayo hata Alawi hakuwahi kumwuliza. Tupokigwe naye akawa anachelewa uani, ameweka kibuyu chini, anasikiliza.

Alawi aliporudi, zamu ya kwanza ilikuwa ya Jaha. Mwanahawa alijiandaa kwa maumivu aliyoyazoea. Asubuhi alikuwa uani anaosha vyombo, na dirisha la chumba cha Jaha lilikuwa wazi. Akamsikia Jaha akimsimulia mume habari ya ng'ombe msikitini. Alisikia Alawi akiguna, kisha akicheka. Kikombe kikamteleza Mwanahawa mkononi. Moyo ulimwuma kwelikweli, ila alipoutazama vizuri aliona kwamba haumwumi kwa ajili ya mume. Ile habari ilikuwa yake. Aliambiwa yeye, jikoni, na sasa inatolewa kwa mtu mwingine kama mabaki ya wali. Aliona aibu hata kujiambia jambo hilo. Siku nzima hakusema na Jaha, na Jaha, asiyejua kosa lake, alimzunguka kama kuku aliyepoteza kifaranga.

Alawi hakuwa mjinga. Alikuwa amezoea kurudi kwenye nyumba inayomngoja yeye tu. Sasa akiingia alikuta wanawake wawili wamekaa karibu, na maneno yaliyokuwa yakienda mbio yanakatika mara moja. Waliinuka, wakampa maji, wakamtandikia, kila kitu sawasawa kuliko zamani, na bado alijiona mgeni. Siku ya tisa alitangaza kwamba Mwanahawa amepona, na nyumba ya Iringa haiwezi kukaa bila mtu. Jaha akafunga godoro. Mwanahawa hakulia wala hakumsindikiza mpaka nje, kwa kuwa mlango wa mbele haukuwa wake. Alisimama ndani akisikiliza lori likiondoka.

Safari hii aliujua ugonjwa ulivyoingia. Siku ya kwanza ulikuwa ukimya tu. Siku ya nne wali ulimkaa kooni. Siku ya sita alianza tena kumwona Jaha, si yule mrefu bali huyu mfupi, amekaa Mshindo kati ya watu, anawasimulia habari za Chunya, na wote wanacheka. Alizijua nyuso zao moja moja. Alipoona kwamba anazijua nyuso za watu ambao hajawahi kuwaona, hofu ikamshika. Aliitazama ile sufuria, akaondoka jikoni.

Alijitanda buibui, akafungua mlango wa mbele, akatoka. Hakujua njia. Alimwuliza mtu aliyepita anapoishi mama wa maziwa, akaonyeshwa. Tupokigwe na jirani zake wanne walikuwa wamekaa kwenye nyasi wanapukuchua maharage, nao walipomwona waligeuka wote kumtazama. Tupokigwe akamwamkia kwa lugha ya kwao, "Ugonile," akampa kigoda na kikapu cha maharage yaliyo bado kwenye maganda. Mwanahawa hakuelewa nusu ya walichosema. Alipukuchua maharage mpaka jua likapungua, na jioni ilipofika aliweza kula.

Alawi alirudi baada ya siku nne akakuta majirani wamekwisha kumpasha habari. Alimwuliza mkewe kwa sauti ya chini, ile aliyoitumia akikasirika sana, kama ni kweli alitoka. Mwanahawa akasema ni kweli, na atatoka kesho.

"Watu watasema nini juu yangu?"

"Wewe una watu wa kusema juu yako, Alawi. Una watu sokoni, una watu Rujewa, una watu msikitini. Mimi nina kuta. Miaka saba nimezisikiliza, na zilipoanza kunijibu uliniletea mwalimu. Kilichoniponya si kombe. Nipeleke alipo Jaha, au nipe talaka yangu nirudi Chunya nikaombe kazi duka lolote."

Alawi alitoka bila kula. Siku mbili alikaa dukani kwa rafiki zake, akirudi kubadili nguo tu. Siku ya tatu aliingia adhuhuri, akaketi kwenye mkeka wa jikoni, mahali ambapo hakuwahi kuketi tangu waoane.

"Nilimrudisha Iringa kwa sababu niliwaonea wivu," alisema, macho yakiwa kwenye mkaa. "Mkinyamaza nikiingia, nilijua mlikuwa mnafurahi. Sikupenda mfurahi bila mimi. Hilo ndilo lililokuwapo."

Aliyoyasikia Mwanahawa aliyajua vizuri mno, kila kona yake. Alimwambia kwamba yeye na Jaha wanaweza kumsimulia mume pia, lakini akae asikilize.

Walihamia Iringa mwezi wa Septemba. Alawi alipanga chumba cha pili uani pale Mshindo, na nyumba ya Mbeya akaigeuza ghala. Jaha alimpokea Mwanahawa kwa kumgombeza kwamba amekonda, akamwekea chakula, akaongea mpaka usingizi ukamchukua mgeni akiwa bado ameketi.

Lakini kila alasiri alikuja Apolonia. Alikuwa Mhehe Mkatoliki, msusi wa vikapu vya majani ya milulu, aliyekua na Jaha mtaa mmoja. Alibwaga mzigo wake wa majani kivulini, akaamkia kwa Kihehe, "Kamwene," na kuanzia hapo yeye na Jaha walikuwa kama maji yaliyofunguliwa. Waliwacheka watu waliokufa kabla Mwanahawa hajafika. Walitaja jina moja tu, wote wawili wakaangua kicheko, bila hata kusema habari yenyewe. Siku ya kwanza Mwanahawa alijifanya anaumwa kichwa, akalala chumbani, uso ukutani, akihesabu vicheko vyao. Siku ya pili alifua nguo zilizokuwa safi. Wivu ulikuwa uleule, na haukuwa umezeeka hata kidogo.

Siku ya tatu alikuwa tayari amelala tena. Wakacheka nje, na Jaha akakwama katikati ya maneno kwa kucheka. Mwanahawa aliinuka, akachukua kigoda, akatoka. Hakwenda kukaa pembeni. Alikiweka katikati yao, mpaka Apolonia ikabidi asogeze milulu yake.

"Huyo mnayemcheka ni nani?" aliuliza. Uso ulikuwa umemkaza, na wote wawili waliona.

Apolonia alimtazama Jaha. Jaha akamwambia, basi anza wewe, maana ulikuwapo. Apolonia akamkabidhi Mwanahawa fungu la milulu, akamwonyesha jinsi ya kulishika lisikatike, kisha akaanza kumsimulia habari hiyo toka mwanzo, polepole, akimweleza kila mtu ni mtoto wa nani.