Mgongo wa Kiti cha Matonya

Waliomwita mume wangu mvivu wengi wamekwisha kufa, na mimi sijawasamehe. Mtu akimkuta mwanamume amesimama ameegemea nguzo ya mlango tangu asubuhi, haketi, haendi shambani, basi humwita mvivu, kwa sababu hilo ni jepesi kuliko kuuliza. Matonya hakuwa mvivu. Matonya alikuwa hawezi kukaa.

Ilikuwa enzi ya Wajerumani, walipokuwa wakileta reli kutoka Morogoro. Jumbe wetu, Chidawali, aliambiwa atoe watu wa kazi, naye akatoa watoto wa wenzake wote akawabakiza wa kwake. Matonya alipelekwa kuchimba udongo upande wa Kizota. Ukingo ukabomoka, ukamfunika mpaka kiunoni, na walipomfukua goti la kushoto lilikuwa limesagika. Lilipona, kama huko ni kupona. Mguu ulikauka ukanyooka kama mchi, haukunjiki hata kidogo, na kiuno kikabaki na maumivu ambayo hayakumwacha akae wima bila kuegemea kitu. Msimamizi wa reli alimpa ruhusa ya kurudi nyumbani. Hicho ndicho alichompa, ruhusa ya kurudi nyumbani kwake mwenyewe.

Na nyumbani kwetu Ugogo palikuwa na nini cha kukalia? Kigoda. Miguu mitatu mifupi, kitu chote kimechongwa katika kipande kimoja cha mti, kimo chake hakifiki goti. Kukikalia lazima ukunje miguu yote miwili. Matonya alipojaribu alianguka chali, miguu juu, na mimi nikamwinua huku nikiwatazama majirani kwa jicho la kuwaambia wacheke tu waone. Akikaa chini juu ya ngozi, ilibidi watu wawili wamshike makwapani ndipo asimame. Mara nyingi walikuwa shemeji yake Lechipya na jirani yetu Yotham. Walifanya kwa moyo mwema, sikatai. Lakini mwanamume mzima kuinuliwa kila anapotaka kwenda kujisaidia, hilo lilikuwa linamla ndani kwa ndani, nami nililiona.

Siku moja wanaume walikuwa kwetu wanakunywa pombe ya mtama, na Matonya yuko chini juu ya ngozi, ameegemea ukuta. Akaingia Chidawali. Ilikuwa desturi yake kwamba akiingia mahali watu wote wainuke, akasimama pale mlangoni akingoja. Wakainuka. Matonya hakuweza.

"Mbukwenyi," jumbe akatusalimia, kisha akamwelekezea fimbo mume wangu. "Uinueni huo mzigo wa reli nao unisalimie."

Watu wakacheka. Ndiyo, walicheka, na pombe yangu imo midomoni mwao. Lechipya na Yotham wakamwinua, Matonya akasalimia, wakamshusha tena. Nilitaka kumwaga chungu kizima. Reli ilimpata Matonya kwa sababu Chidawali alimpeleka huko, na leo Chidawali huyohuyo anamwita mzigo wa reli.

Kesho yake asubuhi Matonya akaniomba shoka.

"La nini?"

"Nachonga kiti. Kirefu, kinifikie pajani, nisikunje goti. Kiwe na mikono ya kushikia, nijisukume nikitaka kuinuka. Na kiwe na mgongo, niegemee."

Lazima niseme ukweli hapa, maana mume wangu nilimpenda lakini sikuwa kipofu. Matonya hakuwahi kuchonga hata mwiko. Mpini wa jembe lake alikuwa akichongewa na Yotham. Na sasa mtu huyo alitaka kuanza na kiti ambacho hata wachongaji wetu wa vigoda hawakuwahi kukijaribu, tena akataka kukitoa chote katika gogo moja, kama kigoda kinavyotolewa, bila kuunga popote.

Rajabu alikuja kumshauri. Huyu alikuwa mtu wa mjini, babu yake alifika na misafara ya zamani, naye alikuwa na banda karibu na stesheni, anatengeneza viti na masanduku kwa mbao na misumari.

"Ndugu yangu," akamwambia kwa upole, "gogo zima utalimaliza lini? Njoo nikupe mbao za makasha ya reli. Tunakata, tunapigilia, kesho umekaa."

"Reli imekula goti langu," Matonya akajibu. "Sitaki na makalio yangu yaikalie. Na kitu cha kupigilia siku moja hung'oka kikakuangusha. Nimekwisha kuanguka vya kutosha."

Rajabu alicheka, lakini alimwachia msumeno na tezo, akasema atavichukua siku kiti kikiisha. Ndugu zangu wakabiringisha gogo la mninga kutoka porini mpaka uani, wakinilaumu mimi kana kwamba ndiye niliyemwingiza mtu wazimu.

Alichonga amesimama, gogo limeegemezwa ukutani, mguu mkavu umetangulia mbele. Alijikata kidole, akajikata kingine. Mahali pa kukalia palitoka pameinama upande mmoja, akaparudia mpaka gogo likapungua na mimi nikaanza kuogopa kwamba tutapata kigoda baada ya jasho lote lile. Lakini kiti kilianza kuonekana. Alipomaliza umbo lake alikiweka juani kikauke, nacho, katika upepo wetu huu wa kiangazi unaopasua hata midomo, kikapasuka kuanzia juu mpaka chini. Sauti yake niliisikia nikiwa natwanga. Matonya alikitazama, akaingia ndani, akalala akielekea ukuta mpaka jua likazama.

Mimi ndiye niliyekasirika, na hasira yangu ilikuwa na faida. "Umekausha mti mbichi juani kama mchicha," nikamwambia. "Kinu cha mama yangu ulikiona. Unajua kilikaa wapi kabla ya kutwangiwa? Kilizikwa kwenye samadi, zizini, kikakauka polepole humo na joto la mavi ya ng'ombe. Hakina ufa hata leo. Tafuta gogo jingine."

Akatafutiwa gogo jingine. Ndugu zangu sitarudia maneno waliyosema.

Cha pili kilitoka vizuri zaidi, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imekwisha kujifunza. Miguu minne minene, mahali pa kukalia pamelala sawa, mikono miwili inatoka ubavuni, na nyuma mgongo mpana uliopanda mpaka mabegani. Alipougonga kwa vidole ulilia vizuri. Tukakichimbia kiti shimo kwenye samadi zizini, tukakifukia chote, ng'ombe wakawa wanalala juu yake. Matonya akaanza kungoja. Kila asubuhi alikuwa anasimama ukingoni mwa zizi akitazama lile tuta, na watu wakamwita mvivu tena.

Sasa nieleze jambo ambalo Matonya hakulifikiria, maana yeye alifikiria kiuno chake tu. Zamani kwetu kiti chenye mgongo kilikuwa cha mtemi. Sisi wengine vigoda. Watemi wenyewe Wajerumani walikuwa wamekwisha kuwafunika na majumbe wao, hakuna aliyekumbuka kiti cha nani kiko wapi, lakini Chidawali alikumbuka lilipomfaa. Mtu fulani alimpelekea habari kwamba Matonya anachonga kiti chenye mgongo. Haikupita muda, maneno yakarudi kwetu yakiwa yamebadilika: Matonya anajichongea utemi, Matonya anakusanya watu wasiokwenda reli. Vita ya kusini ilikuwa bado haijasahaulika, na bomani neno kama hilo lilitosha kumlaza mtu kifudifudi akala hamsa ishirini za kiboko, fimbo ishirini na tano. Sikuona mgongo wa mume wangu ungezivumilia vipi.

Akaja Chidawali na matarishi wawili. Safari hii hakusubiri kusalimiwa.

"Kiti kiko wapi?"

"Kiti gani?" Matonya akauliza, amesimama mlangoni mwake.

"Cha utemi."

Hapo nilishindwa kunyamaza. "Kiko zizini, bwana jumbe, chini ya mavi. Kama huo ndio utemi, uchimbueni."

Wakachimba kwa mikono, matarishi wale na nguo zao safi za serikali, samadi ikawafika viwikoni, na Chidawali amesimama nje ya zizi ameshika pua. Wakakitoa. Kilikuwa cheusi, kinanuka, kimekauka, hakina ufa. Nilikitazama nikataka kulia kwa furaha, na hapohapo nikaona jinsi jumbe anavyokitazama.

"Mgongo huo uondoke," akasema. "Leo, mbele yangu. La sivyo nakwenda bomani na kiti na wewe pamoja."

"Na chako je?" nikamwuliza. Maana kila mtu alikijua kiti chake, kile cha kukunja cha turubai, tarishi anakibeba kila anakokwenda, na mgongo kinao.

"Changu nimepewa na serikali."

"Na huyu mguu huu alipewa na nani? Kaa chini, bwana jumbe. Kaa hapo kwenye udongo, nyoosha mguu mmoja usiukunje, halafu inuka peke yako. Ukiweza, mimi mwenyewe nitakikata kiti kuni."

Tarishi mmoja akainama kuficha uso. Chidawali alinigeukia na fimbo, nami sikurudi nyuma, kwa kuwa nilikuwa nimefika mahali ambapo mtu hajali tena. Lakini Matonya akaniambia, "Mama Ndahani, niletee msumeno."

Akaukata mgongo yeye mwenyewe. Hakumwachia mtu mwingine. Msumeno wa Rajabu ulikwenda na kurudi, na vumbi jekundu la mninga likaangukia mguu wake mkavu. Nimeona watu wakifanyiwa mambo mengi wakati ule, lakini hakuna lililonichoma kama kumwona mtu akikata kwa mkono wake kitu alichokingoja kiangazi kizima, na aliyemwamuru amesimama pale anatafuna kijiti.

Mgongo ulipoanguka, Matonya akakisimamisha kiti, akakifuta kwa kiganja, akakikalia. Mguu ukanyooka mbele bila kukunjwa. Akatulia kidogo. Kisha akaweka mikono juu ya mikono ya kiti, akajisukuma, akasimama. Peke yake. Tangu siku ya ukingo ule kubomoka hakuwahi kuinuka kutoka alipokaa bila mtu kumshika.

Chidawali akatikisa kichwa ameridhika. Alidhani ameinukiwa yeye. "Naam," akasema, "sasa umejifunza adabu." Akaondoka na matarishi wake wanaonuka, na ningekuwa na kinu karibu ningemrushia.

Kile kipande cha mgongo watu walitaka nikipasue kuni. Nikawafukuza. Ukuta wa tembe kazi yake ni ya nani? Ni yangu. Kuukandika ni kwangu, na viraka vyake navijua mimi. Nikabomoa udongo mahali pale sebuleni Matonya anapopenda kukaa, nikakipachika kipande katikati ya fito, nikakifunga kwa kamba za magome, nikakandika udongo na samadi pembeni mpaka kikashika kama kimezaliwa humo. Uso wake wa mti nikauacha wazi. Tukasogeza kiti mpaka ukutani. Matonya akakaa, akaegemea, akafumba macho. Kilimfikia mabegani sawasawa, maana ni yeye aliyekipima.

Mtama ulipovunwa nikapika pombe, wanaume wakaja. Matonya akawa amekaa mahali pake, juu kuliko wote, anaongea kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia kwa muda mrefu. Akaingia Chidawali, akasimama mlangoni kama desturi yake. Watu wakainuka. Matonya hakuinuka.

Jumbe akakitazama kiti. Akatazama nyuma yake.

"Nini hicho?"

"Ukuta," nikamjibu.

Akausogelea, akaugusa kwa fimbo, akatazama kiti kwa chini na kwa nyuma. Hakikuwa na mgongo. Habari za kiti alikuwa amekwisha kuzipeleka bomani kwamba amezimaliza yeye, kwa hiyo hakuwa na pa kuzianzia tena. Akarudi mlangoni, akasimama tena, akangoja.

"Matonya. Kuinuka unaweza. Nimekuona kwa macho yangu."

"Mimi ni mzigo wa reli, bwana jumbe," Matonya akasema taratibu, ameegemea. "Mzigo hauinuki wenyewe. Huinuliwa."

Chidawali akawageukia Lechipya na Yotham, wale waliokuwa wakimshika makwapani, akawaonyesha kwa fimbo. Lechipya alimtazama jumbe, akanitazama mimi dada yake, kisha akavuta kigoda chake akaketi. Yotham naye akaketi. Halafu wengine, mmoja mmoja, mpaka aliyebaki amesimama pale ndani akawa jumbe peke yake.

Alipokwisha kuondoka, Matonya aliweka mikono yake juu ya mikono ya kiti, akainuka, akaenda kujichotea pombe.