Kilicho Nyuma ya Tufaha

…kwa sababu tangu sikukuu ile ya Mtakatifu Dimitri, tarehe nane Novemba, saa nne asubuhi, Obren alipoinamisha kichwa juu ya mkate wa sikukuu kama mtu anayetaka kuunusa, kijiko bado kimo mkononi, asiinue kichwa tena, bunduki yake haikutoka kabatini ila kwa kupakwa mafuta, na aliyeipaka ni mjane wake, Rosanda mwenyewe, kila mwaka kabla ya Kwaresima, akiisemesha kidogo, akiirudisha, akifunga kwa ufunguo, na leo hii, ee Bwana, iangalie ilivyokaa begani kwa Nestor, imekaa kama mtoto wa jirani aliyekojoa, ameishika kwa heshima na kwa mbali… "Kitako, Nestor. Kibane begani. Ukikiachia nafasi kitakupiga teke." "Kimebana." "Hakijabana, naona mwanga hapo katikati." "Huo ni mwanga wa jua, Rosanda, unapita popote," akasema Nestor kwa sauti ile ile ya taratibu aliyokuwa akiwatuliza nayo wagonjwa, maana alikuwa daktari wa meno kabla ya kustaafu, na ndivyo walivyojuana, yeye mjane mwenye gego bovu, amefumba macho kwenye kiti kile, anasali kimoyomoyo, na sauti juu yake ikasema, sasa utasikia kidogo tu, na kweli akasikia kidogo tu, jambo ambalo halikuwa limemtokea siku nyingi, mwanamume kusema kitu na kikawa hivyo hivyo… basi akamrudia na jino la pili, ambalo halikuwa linauma sana, Mungu amsamehe, na baada ya jino la pili wakafunga ndoa, kimya kimya, baada ya misa, mishumaa miwili na kasisi mwenye mafua.

Na sasa mtu huyo wa nchi tambarare, aliyekulia huko mjini Kikinda ambako kitu kirefu ni mnara wa kanisa na kinachofuata ni ng'ombe, amesimama katika shamba lake la miplamu mlimani, pamba ya daktari masikioni, miwani ya kazi puani, analenga tufaha jekundu lililofungwa juu ya mti mrefu wa kuegeshea maharagwe, analenga, analenga, analenga, tangu lini analenga, supu imewekwa jikoni haijachemka, imechemka, imepunguzwa moto, bado analenga… kwa ajili ya Jumapili, yote haya ni kwa ajili ya Jumapili, Miladin anaoa, mwana wa pekee wa Rosanda, na huko ng'ambo ya mto kwa kina bibi harusi tufaha litakuwa juu ya mti mrefu kuliko yote ya uani, na msafara wa bwana harusi hauingii mpaka lianguke kwa risasi, ndivyo ilivyo, ndivyo ilivyokuwa kwa mama yake na kwa bibi yake, bibi harusi yumo ndani na shela lake, nyama inakauka kwenye moto, wapiga tarumbeta wanapuliza mpaka mashavu yanawauma, na wakwe wanasimama langoni mikono kifuani, wanacheka, pigeni basi, pigeni, au hamna mwanamume huko kwenu? Hilo ndilo swali. Hamna mwanamume huko kwenu. Na Miladin, badala ya kumpa kazi hiyo baba yake mdogo, alikuja jikoni akajiegemeza kwenye friji na kusema, "Mama, atapiga mzee Nestor," na Rosanda akaangusha mwiko. "Nestor? Nestor anaogopa hata kopo la soda likifunguliwa." "Ndiye anayekaa nyumbani kwetu, Mama. Nataka apige mtu wa nyumbani kwetu."

Mtu wa nyumbani kwetu… lilimwingia neno hilo likakaa, zuri na chungu, kwa sababu kiti cha Obren kilibaki mezani mwaka mzima bila mtu, kisha akakikalia Nestor, alikikalia kwa kuomba ruhusa, hata hivyo Rosanda alitoka nje akajifanya anawaita kuku… na akikosa Jumapili kijiji chote kitasema nyumba ya Obren ina mtu kwenye kiti lakini kiti bado kitupu, na akipata je, akipata kwa risasi ya kwanza kama Obren alivyopata siku ya harusi yao, watasema nini, watasema hata pengo hili basi limezibwa, Obren amekwisha kabisa… ndiyo maana tangu Jumatatu Rosanda anasali kwa njia mbili, asubuhi mbele ya picha ya Mtakatifu Dimitri anasema, mtakatifu, apate, na jioni anawasha taa ndogo ya mafuta mbele yake na kusema, mtakatifu, si lazima kwa risasi ya kwanza, na mtakatifu anamwangalia na mkuki wake, labda amechanganyikiwa, angechanganyikiwa mtu yeyote.

"Daktari!" Huyo ni Gvozden, mdogo wake Obren, yuko kwenye uzio tangu asubuhi na kikombe chake cha pombe ya plamu, hana kazi, mtu mwenye ng'ombe wawili na ulimi mmoja na anayechoka ni ng'ombe. "Daktari, mpige sindano ya ganzi kwanza, tufaha linatetemeka!" "Nyamaza, shemeji," akasema Rosanda. "Mimi nimenyamaza, nilikuwa naongea na mgonjwa." Ni yeye aliyewaona juzi wakianza na ufagio, maana Rosanda hakumpa Nestor bunduki siku ya kwanza, alimpa ufagio, shika hivi, weka shavu hapa, vuta pumzi, toa nusu, na kabla ya kengele ya jioni kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba mke wa marehemu Obren anamfundisha daktari kufagia mawingu… na Nestor alipojua anachekwa hakukasirika, alisema tu, "Rosanda, mimi maisha yangu yote kazi ilikuwa kuzuia watu wasipige kelele, sasa unataka nianze mimi," kisha akanawa mikono, akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akaomba aonyeshwe tena… alifundishika, hilo lazima alikiri, Rosanda alimfundisha kama baba yake Rosanda alivyomfundisha yeye, msichana mwenye misuko miwili, wakati mbweha walipokuwa wanamaliza kuku, mwanangu, bunduki ina risasi, hata ukiwa umeitoa sasa hivi kwa mkono wako bado ina risasi, na mdomo wake usielekee kitu usichotaka kukizika, na kidole kikae nje kimenyooka mpaka moyo uwe umekwisha kuamua, na kabla ya kufyatua ujue kilicho nyuma ya unachokilenga, maana risasi haijui jina la mbweha… na Nestor alisikiliza, akaikunja bunduki katikati ikafunguka, akaangalia ndani ya mitutu yote miwili, tupu, akaifunga, akaikunja tena, akaangalia tena, kama vile risasi huota usiku, na Rosanda alikuwa amesimama kando akiuma midomo, kwa sababu Obren alikuwa anaitupa begani huku anavaa kiatu, huku anatafuna, huku anabishana na redio, na bum, chini.

"Rosanda." "Nini?" "Nyuma ya tufaha kuna nini?" Mtu huyu. "Kuna kilima, Nestor." "Na juu ya kilima?" "Hakuna kitu. Anga la Mungu." "Nani hupita?" "Hapiti mtu! Hizo ni risasi za marisau, punje kama mtama, hazifiki hata mtaroni, nimekwambia jana, nimekwambia juzi, piga!" "Ulisema nijue, si niambiwe," akasema Nestor, bila ubishi, akainua macho juu ya mtutu, akatazama kilima kipande kwa kipande kama anahesabu meno ya mtu, na kwenye uzio Gvozden akaguna, "Obren angekuwa ameshapiga, ameshakula, ameshalala," na hilo lilimchoma Rosanda kwa sababu lilikuwa kweli, angekuwa ameshapiga, kama siku ile, ah, siku ile, amesimama langoni kwa baba yake Rosanda, masharubu mapya, ua kwenye kofia, wenzake bado wanatafuta pa kusimama na yeye ameshainua bunduki, ile ya zamani ya risasi moja moja, si hii ya marisau, na tufaha likapasuka vipande, kwa risasi ya kwanza, wanawake wakapiga vigelegele, na risasi ikaendelea na safari zake mpaka kibandani nyuma, ikatoboa pipa la shaba la baba la kupikia pombe, pombe ikaruka kama chemchemi, wageni wakakimbia na kofia na mabakuli kuikinga, miaka yote Obren alikuwa akiisimulia kila sikukuu, mimi nilipiga tufaha na pipa kwa risasi moja, nani mwingine, na Rosanda akicheka, mahali pale pale pa simulizi, hata mara ya mwisho, siku ile ya Dimitri, kijiko mkononi…

Lakini huyu Gvozden anafanya nini sasa, ameacha uzio, ameruka, anakuja na kikombe chake katikati ya miti, anakwenda moja kwa moja kwenye ule mti wa maharagwe, anasimama chini ya tufaha, ananyoosha mikono kama msalabani, "Nimehamia hapa! Mahali salama kuliko pote wilayani ni pale anapolenga daktari!" na Rosanda akamgeukia Nestor… mdomo wa bunduki ulikuwa umeshashuka chini, ameushusha lini, hata hakumwona, kidole kimenyooka pembeni kama alivyofundishwa, bunduki imekunjwa, Nestor anatoa risasi moja, anaitia mfukoni, anatoa ya pili, anaitia mfuko wa pili, anaangalia mitutu dhidi ya mwanga, tupu, kisha anailaza mkononi na kusimama. Anasimama tu. "Daktari, vipi, umeogopa?" "Ninangoja." "Unangoja nini?" "Mgonjwa akae vizuri," akasema Nestor. "Nimewahi kungoja mtoto mmoja tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Alikuwa anang'ata. Usijali, Gvozden, nina muda, nimestaafu." Na akatoa kitambaa akafuta miwani, na kuku wakaendelea kuchakura, na Gvozden amebaki na mikono yake hewani, hakuna anayecheka, mikono inaanza kuwa mizito… "Obren hangenifanyia hivi," akasema, na safari hii hakusema kwa dhihaka, alisema kama mtoto, "Obren angepiga juu ya kichwa changu hapa hapa." "Angepiga," akasema Rosanda, na alishangaa kusikia sauti yake. "Angepiga, shemeji, na leo ningekuwa nakuchemshia wewe pia ngano ya maziko."

Kwa sababu alikuwa amekiona tena, akilini, kile kibanda cha baba yake. Si pipa, pipa wote waliliona. Aliona kile kigoda kando ya pipa, kigoda cha mama yake, maana mama ndiye aliyekuwa analinda moto siku ile, na alikuwa ameinuka kidogo tu, ameinuka kumfukuza kuku aliyeingia, kuku wa madoadoa, na risasi ikapita pale alipokuwa ameketi, na pombe ikaruka, na watu wakakimbia na kofia, na mama akabaki amesimama na kuku mkononi, mweupe kama shela la bintiye, akasema, "Pipa la watu jamani," watu wakaangua kicheko… na katika simulizi ya kila sikukuu lilikuwemo tufaha, lilikuwemo pipa, zilikuwemo kofia, kigoda hakikuwemo, na mama alikuwa anasikiliza, akila taratibu, macho kwenye sahani, mpaka alipokufa kwa uzee wake, na Rosanda kando yake akicheka… ee Mama, kwa nini hukusema, ungesema nini, alikuwa mkwe mzuri, alikuwa mzuri, alibeba jeneza lako bega la mbele, alikuwa na moyo mkubwa usiojua kungoja, alijua yote aliyoyajua baba isipokuwa lile la mwisho, la kilicho nyuma, lile alimwachia Mungu, na Mungu akatuma kuku… na hata kuondoka hakungoja, mkate haujakatwa, mvinyo haujamiminwa juu yake, ameondoka na kijiko.

Akatambua kwamba analia na anacheka, akajifuta kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, hakuna aliyeona, Gvozden alikuwa anarudi kwenye uzio polepole, ameuzunguka mti, amepita mbali na mstari wa shabaha bila kuambiwa, na alipofika akavua kofia, akaitazama ile bunduki ya kaka yake kwenye mkono wa mtu mwingine, akanywa kilichobaki. "Haya, daktari," akasema. "Tumekaa vizuri." "Ahsante, Gvozden." "Jumapili nitasimama nyuma yako." "Nyuma kabisa," akasema Nestor, "tafadhali," na Gvozden akacheka, kicheko cha kwanza cha kweli tangu juzi, na Nestor akachomoa risasi mfuko wa kwanza, na mfuko wa pili, akaangalia kilima, akaangalia uzio, akamwangalia Rosanda, akazitia, akafunga, akainua… na kimebana, kitako, safari hii hakuna mwanga hapo katikati, shavu limelala mahali pake, na analenga, analenga, analenga, supu itakuwa uji sasa, na iwe uji, Jumapili nao wangoje, nyama ikauke, matarumbeta yapasuke, wakwe waulize watakalo langoni, mama wa bibi harusi ataketi kwenye kigoda chake na atainuka wakati wake mwenyewe… midomo ya Nestor inacheza, anaongea na nani, analiambia tufaha, kwa ile sauti, sasa utasikia kidogo tu, na kidole bado kiko nje, kimenyooka, na Rosanda akagundua kwamba hasali tena apate, wala hasali tena akose, mkono wake ulikuwa umepanda wenyewe kwenye paji la uso, ukashuka tumboni, bega la kulia, bega la kushoto… mkumbuke, Bwana, mtumishi wako Obren, umsamehe aliyoyajua na yale tuliyoyacheka, umpumzishe penye nuru na majani mabichi, kiti chake kina mtu, asihangaike, na mama yangu umweke karibu naye, lakini si nyuma yake, na kama huko kwako kuna tufaha juu ya mti, Bwana, umshike mkono kwanza, aangalie. Amina.