Leseni ya Mkazi

Barua iliniita ofisi ya ada Jumanne saa nne, nikafika. Bi Odegaard, anayepitisha majina ya wanafunzi wa majimbo jirani, alinigeuzia kioo cha kompyuta. Nikaiona sahihi yangu kwenye fomu ya leseni ya kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa milimani.

"Hii ni yako, Twyla?"

"Ni yangu."

"Leseni ya mkazi wa Montana."

"Muuzaji aliniuliza kama nimekaa hapa miezi sita. Nimekaa. Sikumdanganya."

"Yeye hukumdanganya, mama. Umejiponza mwenyewe."

Majimbo yetu ya magharibi yamekubaliana. Mtu wa Wyoming kama mimi, akija kusoma shahada ya pili hapa, hulipa ada ya mwenyeji, mradi abaki mtu wa Wyoming. Nami nilikuwa nimeapa dukani, mbele ya ndoo za chambo, kwamba mimi ni wa Montana.

"Basi nihesabuni mwenyeji wa hapa."

"Kwa ada haiwezekani. Ulikuja kusoma, miezi hiyo haihesabiki."

"Nikiirudisha leseni?"

"Umeshaua mnyama, Twyla."

Kweli, nilikuwa nimeshaua.

"Kwa hiyo mimi ni wa wapi?"

"Kwangu hapa, wewe ni mgeni. Usipolipa ada ya mgeni, iliyo kubwa mara kadhaa, muhula wa mwisho haupo." Aliona haya kulisema. Fedha hiyo sikuwa nayo, lakini sikuhisi kitu, kama fizi iliyochomwa sindano ya ganzi. Hata nilimshukuru, mjinga mimi.

Tangu nizaliwe, friza yetu haikuwahi kukosa elki wa baba. Mwaka huu kiharusi kilimlaza, kikamnyang'anya mkono wa kulia na maneno karibu yote. Kurudi Wyoming kuwinda siku kadhaa, masomo hayakuniruhusu. Hapa Montana leseni ya mgeni hupatikana kwa bahati nasibu, ya mkazi unaichukua dukani palepale. Kwetu hakuna anayewaza mkataba wa ada msimu wa elki ukifunguliwa. Nilipata jike, nikamsagia baba nyama maana kumeza vipande kunamshinda. Alikula mpaka akalamba kijiko.

Nikaendesha gari mwendo wa saa nne hadi nyumbani Wyoming. Mama alinisikiliza huku akikunja taulo.

"Yaani umeacha shule kwa ajili ya nyama?"

"Sijaacha. Nimeachwa."

"Usinijibu hivyo. Nani atamfundisha baba yako kusema?"

Hilo ndilo nililokuwa nikisomea: kuwarudishia usemi watu waliopigwa na kiharusi. Kila nikija nyumbani, baba ndiye mgonjwa wangu wa kwanza. Sikujua la kufanya, nikavuta kiti nikakaa mbele yake, nikaanza maswali yaleyale.

"Jina lako nani?"

"Orv."

"Leo siku gani?"

Akatikisa kichwa.

"Unakaa wapi, baba?"

"Hapa." Akagonga mkono wa kiti kwa ule mkono wake mzima.

Nikainama kuandika. Kwa miezi minane alikuwa akijibu tu, hajawahi kuuliza kitu. Nikamsikia akivuta pumzi.

"Na... wewe?"

Mama aliangusha taulo. "Ameuliza! Twyla, umesikia? Baba yako ameuliza swali!" Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. Nilipaswa kucheka naye. Miezi yote minane nilikuwa nikiingoja siku hiyo.

"Mjibu basi," mama akasema. "Si anakungoja?"

Nikafungua mdomo. Baba akanitazama kwa subira, jinsi mimi ninavyomtazama yeye neno likimkwama.

Likanikwama.