Mkono wa Lonnie Dubek

Nimechuchumaa nyuma ya ukuta wa uwanja wetu wa besiboli miaka kumi na tisa, nikidaka mipira ya warushaji wa akiba wanapopasha mkono, na sidhani kama kuna mtu jukwaani anayejua jina langu. Silalamiki. Magoti yameniisha na vidole viwili vya kushoto havinyooki, lakini mshahara unafika. Ninachotaka kusema ni jambo moja nililolifanya Julai iliyopita kwa nia njema. Ningekuwa na nia mbaya ningelala vizuri zaidi.

Mahali petu tunapaita zizi. Warushaji saba wanakaa humo kwenye benchi, wanatafuna mbegu za alizeti na kusengenyana mpaka simu ya ukutani ilie. Teague, kocha mkuu, akiona mrushaji aliye uwanjani anaanza kuyumba, anapiga simu na kutaja jina. Aliyetajwa anainuka na kunirushia mipira ishirini, ishirini na tano, kwa nguvu zake zote, mkono upate moto. Pengine anaitwa kuingia. Mara nyingi Teague anabadili mawazo, simu inalia tena, mwambie akae, na mtu anakaa na jasho lake. Kesho yake gazeti linaandika kwamba fulani alipumzika. Mirusho ya uwanjani huhesabiwa mmoja mmoja na mashine na vijana wa chuo wenye kompyuta. Ya zizini hakuna anayeihesabu ila mimi, na mimi naihesabu kwa kiganja.

Jina lililotajwa kuliko yote lilikuwa la Lonnie Dubek. Umri wake miaka thelathini na mitatu, mtani kupindukia, mtoto wa fundi bomba wa Nebraska. Alikuwa amechezea miji tisa kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Binti yake alishasoma shule nne na bado hajafika darasa la tano, na mkewe Marcy alikuwa na maboksi ambayo hakuyafungua tangu miji mitatu iliyopita, maana ya nini kuyafungua? Lakini mwaka huu ulikuwa wake. Aliingia mwishoni mwa mechi, awamu ya nane au ya tisa, akawazima wapigaji mmoja baada ya mwingine, na ikavuma kwamba klabu inafikiria kumpa miaka mitatu kwa dola milioni ishirini na nne. Marcy akaanza kuzungukia nyumba zilizo karibu na shule.

Wakubwa walikuwa wamegawanyika. Teague alisema mechi kumi na nne tumezipoteza mwishoni kwa ubahili tu, kwamba tunajenga nyumba nzima halafu tunakataa kununua mlango. Corinne Haldorsen, bosi wa kununua na kuuza wachezaji, hakutaka kusikia. Kwake mrushaji wa akiba ni tunda la msimu. Mwaka huu tamu, mwaka ujao limeoza, na hakuna anayejua kwa nini, kwa hiyo ummwagie pesa ya nini mtu anayecheza robo saa? Chukua wa bei nafuu, mtumie, chukua mwingine. Takwimu zilikuwa upande wake, nakiri. Mimi nilikuwa upande wa Teague, kwa sababu nyepesi kwamba kitu ulichokigharamia hukiachi mvuani.

Katikati ya Julai mpira wa Lonnie ulibadilika. Mashine za uwanjani hazikuona kitu, kasi ilikuwa ile ile, maana akiingia uwanjani alijikamua mpaka tone la mwisho. Lakini zizini mpira ulianza kufika umechoka, ukizama inchi mbili kabla ya glavu, na kiganja changu hakikuwaka. Baada ya siku tatu nilisimamisha zoezi nikamwendea.

"Kiwiko?"

"Kidogo tu, Mzee. Tangu Jumapili."

"Nenda kwa daktari basi."

"Niende kwa daktari, halafu hiyo miaka mitatu nikaimalizie kwa mama mkwe?" Alicheka, lakini macho hayakucheka. "Wanasaini Agosti. Nikishasaini nitakuwa mgonjwa mpaka uchoke kuniletea supu. Nyamaza tu, Mzee wangu. Nakuomba."

Nikamwambia nitanyamaza, na nilidhani nitaweza.

Tarehe kumi na saba, saa mbili kabla ya mechi ya mchana, Haldorsen alishuka zizini na vikombe viwili vya kahawa. Kimoja kilikuwa changu. Akaketi kwenye benchi letu lililojaa maganda ya mbegu, akaniita Orrin. Miaka yote hiyo, ndiyo mara ya kwanza mtu wa ghorofani kuniita kwa jina, nami nilifurahi kama mjinga. Akasema mimi ndiye ninayemdakia Dubek kila siku, kwa hiyo kabla hajaweka sahihi anataka kusikia kutoka kwangu. Mkono uko salama?

Nikasema yote. Kwamba tangu Aprili amesimamishwa na kukalishwa mara arobaini na sita bila kuingia, mirusho zaidi ya elfu moja ambayo haimo kwenye kompyuta yoyote. Kwamba kiwiko kimeanza kulia. Kwamba akipewa wiki tatu za kupumzika mkono utarudi, nimeona mikono mingi, huu utarudi. Niliamini nampigania. Niliamini mtu anayetaka kununua mali akiambiwa ina ufa, atauziba. Haldorsen alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, akaondoka na vikombe vyote viwili. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, ila safari hii kichwa hakikuwa changu.

Siku ile ile, awamu ya saba, simu ililia: Dubek. Kesho yake Dubek. Siku ya tatu na ya nne Dubek, na siku ya nne alirusha awamu mbili nzima. Siku moja wakampumzisha, halafu wakamwita siku tatu mfululizo. Wakala wake alipouliza habari za mkataba aliambiwa asubiri kidogo. Lonnie mwenyewe alikuwa amejaa furaha. Alikuwa akimeza vidonge vya maumivu kama karanga, huku akiniambia hii ndiyo dalili, hawamwiti mwingine kwa sababu hawamwamini mwingine.

Nikapanda ghorofani. Sikuwa nimewahi kufika huko. Nikamwambia Haldorsen kwamba nilimweleza habari za kiwiko ili wampumzishe, si ili wammalize.

"Uliniambia ukweli, na umeniokolea milioni ishirini na nne," alisema. Hakuwa na kiburi, alisema kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. "Sasa nifikirie mimi. Oktoba msimu ukiisha, yeye si wetu tena. Tuna nafasi ya kuingia fainali. Kama mkono umebakiwa na mirusho mia mbili, kwa nini nimwachie mwenzangu wa klabu nyingine hata mmoja?"

"Na kama ungekuwa umemlipa?"

"Ningekuwa nimemlipa ningemfungia kabatini na ufunguo ningelala nao."

Nikauliza kama kocha anajua. Akasema amemwagiza amtumie, na kocha anajua tu kwamba mchezaji hajalalamika, na Dubek ni mtu mzima, mlango wa daktari haujafungwa. Punda afe, mzigo ufike. Nikarudi zizini.

Dawa ilikuwa moja tu, nimwambie Lonnie. Akijua mkataba haupo, hana sababu ya kuficha, anakwenda kwa daktari jioni hiyo hiyo. Lakini kumwambia mkataba haupo ni kumwambia kwa nini haupo. Nilizipa siku nane sababu nane. Leo ana furaha, kesho tuna safari, kesho kutwa Marcy yupo. Mimi ni mwoga, na nimeishi na woga huo muda mrefu bila kuujua kwa kuwa kazi yangu haikuwahi kuuliza.

Jumapili, jua kali, tulikuwa mbele kwa pointi moja. Simu ikalia. Alinirushia mipira kumi na nane, na wa kumi na tisa ulidunda chini mbele yangu. Nilisimama nao mkononi. Ningeweza kuuweka mfukoni, kuvua glavu na kusema basi. Nikamrudishia. Akasema, "Inatosha, Mzee, nimepata moto," akafungua geti akakimbilia uwanjani huku watu elfu thelathini wakimshangilia.

Mpigaji wa kwanza alimwondoa. Kwa wa pili, mpira wa tatu ulipaa juu ya kichwa cha mdakaji ukaenda kugonga ukuta. Lonnie hakuutazama ulikokwenda. Alikuwa ameupakata mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, amepiga goti.

Daktari hakuhitaji muda mrefu. Kano ya kiwiko imekatika, upasuaji, mwaka na nusu nje. Kwa mtu wa thelathini na mitatu asiye na mkataba, hiyo ni lugha nyingine ya kusema kwaheri. Tulishinda mechi hiyo, nisisahau. Nilimkuta peke yake chumba cha matibabu, mkono umefungwa kifuani, amevaa viatu lakini hawezi kufunga kamba. Nikapiga magoti nikaanza kumfungia. Kiatu cha kwanza nilikimaliza, nikashika cha pili.

"Unajua ninachojilaumu, Mzee?" akasema. "Kukuziba mdomo. Wewe ungesema, wangenipumzisha. Nilikuwa na muungwana mmoja tu humu ndani, nami nikamnyamazisha."

Ningeweza kuendelea na kamba. Haldorsen asingemwambia kamwe.

"Nilisema," nikamjibu. "Tarehe kumi na saba. Nilimwambia Haldorsen kila kitu."

Alinitazama. Nikaona akihesabu siku kichwani, moja moja, midomo ikicheza.

"Tarehe kumi na saba," akasema, "ndipo walipoanza kuniita kila siku."

"Ndiyo."

"Na ulijua."

"Baada ya wiki nilijua."

Aliuvuta mguu wake taratibu kutoka mikononi mwangu. Akainuka, akachukua begi kwa mkono wa kushoto, akatoka, kamba za kiatu kimoja zikiburutika sakafuni.