Tabaka la Juu

Mume wangu Barthélemy hakuogopa kitu duniani kama wizi. Si kuibiwa, kuiba. Miaka ishirini na minne alikuwa mkuu wa kikundi cha mafundi wa reli pale Shituru, kwenye kiwanda cha kampuni ya shaba, na hata msumari mmoja wa kampuni haukuwahi kuingia nyumbani kwetu. Wenzake walijenga mabanda ya kuku kwa mabati ya kampuni. Kuku wetu sisi walilala jikoni, na mimi nilipiga kelele kila asubuhi nikifagia mavi yao.

Mwaka wa vita vya Kolwezi, ikiwa imebaki miaka miwili astaafu, alinunua Peugeot kuukuu ya Mbelgiji mmoja aliyekuwa anafunga mizigo. Mvua ya kwanza ya Oktoba ilipopiga, gari lilizama katika udongo mwekundu wa uwanja wetu mpaka tumboni. Majirani wanane walilisukuma, na wote wakapakwa matope hadi kwenye meno.

“Inaomba graviye,” alisema Barthélemy, maana yake kokoto. Kuanzia siku ile nikawa naishi na reli, si na mume.

Alichimba mahali pa gari kina cha mkono hadi kiwiko, akainamisha ardhi kidogo ili maji yaende mtaroni na si mlangoni. Chini alipanga mawe makubwa kama vichwa vya watu. Juu yake akaweka ya ukubwa wa ngumi, akayashindilia kwa gogo siku mbili nzima, hata vyombo vyangu vikawa vinacheza kabatini. Mimi nikamletea kokoto za mto kutoka Kapolowe, nyeupe, za mviringo, nzuri za kupendeza macho. Alizitazama kama mtu aliyepewa uji usio na chumvi.

“Ya mutoni inazunguka, Mama Firmin. Weka gari juu, inakimbia. Jiwe ya kuvunjika iko na meno. Inashikana.”

Basi kwa tabaka la juu alikwenda mwenyewe na Casimir, dereva wa lori, mpaka kwenye lundo la zamani la mawe yaliyotupwa na mgodi, njia ya Kambove, ambako watu wengi walichukua mawe ya msingi wa nyumba. Alikuta mawe meusi, mazito, yenye makali mazuri. Lakini katikati yake kulikuwa na vipande vya kijani, na kwetu Likasi hata mtoto anayetambaa anajua kwamba kijani ni shaba, na shaba ni ya kampuni. Barthélemy alikaa juani akavichambua kimoja kimoja, akavirudisha kwenye lundo. Walipofika nyumbani akachambua tena, na mimi akaniinamisha nimsaidie.

“Hata moja isibakie. Hata kadogo kaloko.”

Mgongo uliniuma, nikailaani siku niliyoolewa na mtakatifu. Ila lazima niseme kweli: kazi ilipokwisha, kokoto zile nyeusi mbele ya ukuta mweupe zilipendeza. Mvua ikapiga usiku kucha na asubuhi gari lilisimama pakavu. Nilijisikia mke wa mtu.

Jumapili, baada ya misa, tulimwalika Lambert aje aone. Lambert ndiye aliyemsimamia mwanetu Firmin ubatizo, kwa hiyo nyumba nzima tulimwita Parrain. Alikuwa mhandisi, kazi yake kampunini ilikuwa kujua jiwe lipi lina nini ndani. Alishuka garini anacheka, akapiga hatua mbili, akaacha kucheka. Aliokota kokoto moja, akaipima kiganjani, akailamba, kisha akaikwaruza kwenye kizingiti changu cha saruji.

“Papa Barthélemy, hii majiwe ulitosha wapi?”

“Njia ya Kambove. Lakini ya rangi ya majani yote nilitosha, nilirudisha, Parrain. Yote!”

“Siongei ya majani. Hii nyeusi njo cobalt. Unakanyaga cobalt.”

Nilikaa chini palepale, nikakumbuka nimekalia nini, nikaruka kama nimekalia jiko. Tangu vita bei ya kobalti ilikuwa imepanda kama wazimu huko ng'ambo, na redio kila siku ilionya. Mwezi wa nane wanaume wawili wa Kambove walikamatwa na mfuko mmoja tu, na wake zao hawakujua bado wamefungwa gereza gani. Sisi tulikuwa na lori zima. Tumelitandaza uwanjani mbele ya macho ya watu wote, tena tumelisawazisha kwa reki!

Barthélemy alikuwa amekauka.

“Miye nilichagua,” alisema. “Nilichagua moja moja.”

Machozi yalinitoka kwa kumwonea huruma. Lambert alimshika bega. “Musiseme na muntu. Kesho natuma camion, itarudisha yote ku kampuni polepole. Itaisha.”

Nilimshika mikono yote miwili nikamwita mkombozi wetu.

Jumatatu saa nne lori likaja. Wanaume wanne walizoa lile tabaka jeusi kwa sepetu, wakafagia kwa ufagio hadi vumbi lake, wakafunika kwa turubai, wakaondoka. Mimi nikachemsha chai, nikainywa bila sukari kwa kusahau.

Alhamisi Lambert alirudi na mfuko wa unga wa mahindi na kitenge kipya. Barthélemy hakugusa kitu.

“Parrain, ku kampuni walisema nini?”

“Kampuni gani?” aliuliza Lambert.

Mtu aliyemshika mwanangu juu ya maji ya ubatizo! Alikaa kwenye kiti chetu, kwa sauti ya chini akaeleza kama anayesoma tangazo. Mawe yale yalikuwa yameshauzwa. Casimir angeleta lori lingine Jumamosi, lingemwagwa hapa, lingetandazwa, na Jumatatu watu wake wangelizoa. Nani angemshuku mzee anayetengeneza mahali pa gari lake?

“Parking yangu imeisha, Parrain,” alisema Barthélemy.

“Haiyaisha. Angalia muzuri: inakosa ya juu.” Kisha akasimama, akajipangusa suruali. “Na usisahau, Papa. Casimir anajua ni nani aliomba ile majiwe ya kwanza.”

Alfajiri nilimkuta uwanjani anang'oa mawe yake mwenyewe, yale aliyoyapanga kwa siku nyingi, anayatupa nyuma ya nyumba. Nilitaka kumzuia, nikaona uso wake, nikachukua jembe. Peugeot ilikwenda kwa mtu wa kwanza aliyeitaka. Ijumaa jioni mahali pale palikuwa na matuta manne ya matembele, na mikono yangu ilikuwa imechunika.

Jumamosi lori likaja, na Lambert amekaa mbele kando ya Casimir. Alishuka akatazama matuta. Nilingoja atukane, nilingoja ataje askari. Alipiga mluzi, lori likarudi nyuma taratibu, likavuka barabara, likamwaga mzigo wote mweusi mbele ya nyumba ya jirani yetu Nicolas, dereva wa teksi.

Hélène, mke wa Nicolas, alitoka mbio anapiga vigelegele.

“Mama Firmin! Parrain yenu iko na roho muzuri! Anatupatia graviye bule! Baba Firmin akuye atuonyeshe namna ya kupanga!”

Mimi ni mtu wa mdomo. Hata padri nimewahi kumjibu. Hélène alikuwa amenyonyesha Firmin nilipokuwa mgonjwa, na watoto wake watano walikuwa wanarukaruka juu ya lile lundo. Lambert alisimama kando yao, ananitazama.

“Ni muzuri,” nilisema. “Muzuri sana, Hélène.”

Nikageuka. Barthélemy alikuwa mlangoni, amesikia kila kitu. Aliniangalia, akaangalia ng'ambo ya barabara, na yeye pia hakumwambia Hélène yale yalikuwa mawe gani.