Viti vya Sebule ya Omanga

Jumamosi, jua likizama na Sabato ikishafungwa, Omanga aliunganisha gitaa lake kwenye betri ya gari, na mkewe Phelesia akabandika picha ukutani. Ndivyo walivyoishi katika nyumba yao pembeni mwa mji wa Migori. Watoto wa majirani waliketi sakafuni, wazazi wakakalia viti, sebule ikajaa hadi mlangoni. Phelesia alichora katuni kwenye karatasi za manila: Kapteni Gesare, msichana wa darasa la tano, akirusha chombo cha mabati kutoka sayari hadi sayari. Kila picha Phelesia aliyoigusa, Omanga aliipigia muziki wa roki, na chombo kilipopaa vioo vya dirisha vilitetemeka.

Mwaka wa tisini na sita Omanga alikufa kwa ule ugonjwa ambao watu waliuita kifua. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi kaka yake, Onsongo, alipokuja na mkokoteni akabeba gitaa, betri, kabati na viti vyote. Alisema ni desturi, ingawa hakuna aliyekumbuka desturi hiyo ikitaja viti. Nyumba angeijia mwisho wa mwezi.

"Mama Bitutu, usininunie," alimwambia Phelesia. "Hivi ni vya ndugu yangu."

"Na sisi tukalie nini, shemeji?"

"Mkeka si uko?"

Jumamosi iliyofuata, Sabato ilipofungwa, Omanga aliingia kwa mlango wa nyuma, akajipangusa udongo miguuni, akasimama kwenye kona yake. Gitaa hakuwa nalo, kwa hiyo alipiga mbavu zake. Sauti ilikuwa ile ile, labda kavu kidogo. Binti yao Bitutu alimwekea maji, lakini hakuyanywa. Phelesia akabandika picha.

Majirani waliposikia, walirudi. Onsongo naye alikuja na mkewe na watoto, kila mmoja na kiti kichwani, maana waliambiwa sebule haina pa kukaa. Waliketi mbele kabisa, wakapiga makofi kwa moyo, na onyesho lilipokwisha wakajitwika viti wakarudi navyo kwao.

Phelesia aliona hapo ndipo pa kuponea. Nyumba ikienda, yeye na Bitutu hawana pa kulaza kichwa. Akamwalika naibu wa chifu, Bwana Werema, aje asikie kwa masikio yake. Werema alikuja, akakaribishwa kwenye kiti kimoja cha Onsongo. Wimbo ulipokatika, Phelesia aliuliza mbele ya wote:

"Baba Bitutu, nyumba hii ni ya nani?"

Omanga alizituliza mbavu kwa kiganja. "Ni ya Phelesia na mtoto. Na viti pia."

Hakuna aliyebisha. Onsongo mwenyewe aliitikia kwa kichwa. "Ndiye. Hiyo ni sauti yake kabisa."

Werema aliivua kofia. "Mimi nimesikia, mama. Lakini kitambulisho cha huyu kilirudishwa tulipotoa kibali cha kuzika. Mtu bila kitambulisho, serikali itamsikia aje? Pole sana."

Phelesia alilia pale pale, hakujificha. Omanga akaendelea kupiga, maana watoto walikuwa wakingoja kujua kama chombo kitatua.

Mwisho wa mwezi Phelesia na Bitutu walihamia Magunga kwa dada yake, Mellen. Omanga hakuweza kuwafuata, kaburi lake lilikuwa Migori. Onsongo aliingia katika ile nyumba, na viti havikuhitaji kubebwa tena.

Lakini Omanga alipokuja Jumamosi kupiga, watoto walilalamika kwamba ukuta ni mtupu. Onsongo akamtuma mtu Magunga: Mama Bitutu alete picha, watoto wanasumbua. Phelesia alikasirika, kisha akachora. Alimchora Kapteni Gesare akirudi duniani, akitua uani kwao, akifungua mlango wa nyumba yake. Ndani, watu wamekalia viti vyake wakimtazama. Baba yake amesimama kwenye kona, akipiga mbavu.

Onyesho la Jumamosi iliyofuata, wanasema, lilikuwa tamu kuliko yote. Omanga aliirudia picha ile ya mwisho tena na tena, mpaka ubavu mmoja ukakatika. Onsongo alituma shukrani.

"Mwambie shemeji amechora vizuri," alisema. "Vile viti ni vyenyewe kabisa, hata kile chenye mguu wa kufungwa kwa waya."