Picha Inayosomwa Kutoka Kulia

Nyumba ya yule mshonaji ilikuwa imejaa Ujapani kuliko Ujapani wenyewe. Chumbani korongo, juu ya jokofu maua ya mcheri, na bafuni samaki wekundu wanaokukodolea macho unapojisugua mgongo. Zote zilikuwa nakala tu za michoro ya kale, na zote zililetwa na mumewe, fundi wa fremu, mtu ambaye angeweza kusahau kula lakini si kupangusa kioo.

"Humu mtu akipiga chafya, inabidi kwanza awaombe radhi wenye nyumba," wifi yake alizoea kusema, akiwaonyesha wale korongo kwa kidevu.

Sasa fundi alikuwa na miezi minne kaburini. Moyo ulimsimama ghafla akiwa kazini, rula mkononi. Asubuhi ile alikuwa amegombana na mkewe, na msibani mshonaji aliwaambia watu wote kwamba mumewe alibamiza mlango akaenda zake bila kuaga. Aliyeumia zaidi ni wifi, dada mkubwa wa marehemu. "Nimemlea mimi, sikumfundisha hivyo," alisema, na tangu siku hiyo hakumtaja ndugu yake bila kusonya.

Kazi ya mwisho ya fundi ilikuwa picha moja ya vipande vitatu, kila kimoja na fremu yake: mwanamume mwenye mwavuli wa karatasi akitembea kwenye theluji, kisha daraja tupu, kisha mwanamke amesimama barazani. Nyuma ya fremu hizo aliandika kwa penseli moja, mbili, tatu. Baada ya mazishi mshonaji alizitundika sebuleni juu ya kochi, moja kushoto, tatu kulia, kama mtu anavyosoma kitabu. Ikawa mwanamume anatokomea upande wa kushoto, na mwanamke kule kulia anamtazama akienda. Mshonaji alizipenda mno. Aliona hata picha inamwonea huruma.

Nyayo zilianza wiki ileile. Mchana kweupe, akiwa kwenye cherehani pale sebuleni, alisikia mtu anatoka chumbani kwa mwendo wa mumewe, mguu wa kulia ukiburuta kidogo, akipita nyuma yake hadi mlangoni. Halafu kimya, na mlango haukufunguka. Mara ya kwanza alisema ni jirani. Mara ya tatu nywele zilimsisimka. Aliogopa, lakini ndani ya woga ule mlikuwa na faraja ya aibu: hata akiwa mzimu, anayeondoka ni yeye.

Alasiri moja fundi aliyefanya kazi na marehemu, aliyeitwa Kipimo kwa kuwa hata salamu aliipima, alileta vifaa vilivyobaki karakanani. Wifi naye alikuwepo, akikunja vitambaa. Kipimo akasimama mbele ya kochi, akaangua kicheko.

"Shemeji, hizi umezigeuza. Wajapani wa zamani walisoma kuanzia kulia. Moja inakaa kulia. Hata mimi niliwahi kumharibia mteja ukuta mzima, marehemu akanicheka wiki nzima."

"Ziache hivyohivyo," mshonaji akasema, haraka mno.

"Niziache? Marehemu si atanifuata mpaka kwangu!"

Akapanda kwenye kiti, akazibadilisha, akarudi nyuma kutazama kazi yake, akaaga.

Mshonaji akainua macho. Sasa mwanamume alikuwa anakuja, theluji imemjaa mabegani, daraja zima liko mbele yake alivuke. Na mwanamke, kule kushoto, alikuwa amempa mgongo.

"Kumbe anamfuata," wifi akasema. "Maskini. Na huyu mwanamke naye ana nini?"

Ndipo nyayo zikaja. Safari hii zilianzia mlangoni, mguu wa kulia ukiburuta, zikafika nyuma ya kiti cha mshonaji, zikasimama. Wifi aliendelea kukunja vitambaa, hakusikia kitu. Mshonaji alihisi baridi shingoni. Nyayo hazikuondoka. Zilingoja, kama mumewe alivyongoja asubuhi ile.

"Wifi," akasema bila kugeuka, "nilikudanganya. Alirudi."

"Nani?"

"Ndugu yako. Alifika barabarani, akarudi. Akasimama hapa nyuma yangu, akasema, 'Mke wangu, nimekosa. Niage basi.' Alisema mara mbili."

Kitambaa kikamponyoka wifi.

"Miezi minne," akasema. "Miezi minne namlaani mtoto niliyemlea. Ukamjibu nini?"

Mshonaji alikuwa analia, macho yake yako chini, kwenye mguu wake.

"Nilikanyaga cherehani," akasema, "nisimsikie."